Wapimaji wa Hewa Katika Giza la Ncha ya Kusini

Kila mkulima ajua kuwa pasipo jua hapana mavuno. Lakini miongoni mwa miali ya jua mna miali mikali isiyoonekana, nayo huunguza ngozi, hudhuru macho na kudhoofisha mimea. Kinachotukinga nayo ni hewa iitwayo ozoni, ambayo nyingi yake hukaa kati ya kilomita 15 na 35 juu yetu. Ngao hiyo ni nyembamba ajabu. Kama ozoni yote iliyo juu ya vichwa vyetu ingeshushwa mpaka usawa wa bahari, unene wake ungekuwa kama milimita 3 tu.

Mwaka 1956 Waingereza walijenga kituo mahali paitwapo Halley Bay, katika barafu ya Antarctica, wakaanza kuipima ozoni kwa chombo kilichobuniwa na Bwana Dobson wa Oxford. Chombo hicho hulinganisha miali ya jua inayozuiwa sana na ozoni na ile inayozuiwa kidogo.

Mtu aweza kuuliza: je, wakati wa baridi, jua lisipochomoza kwa zaidi ya miezi mitatu, hupima nini? Mwezi ukiwa mpevu, chombo huelekezwa kwenye mwanga wake. Tena katika vituo vingi vya nchi za barafu hurushwa maputo yapandayo kilomita 30 na zaidi. Puto huchukua kisanduku chenye pampu ndogo ivutayo hewa ndani ya maji ya dawa. Ozoni ikiingia humo huzalisha umeme kidogo, na habari zake huletwa chini kwa redio. Maputo mengine huchukua taa ya kumulika na kuhesabu chembe ndogo mno zielezeazo hewani.

Chembe hizo zina maana kubwa. Baridi ya huko juu ipitapo digrii 78 chini ya sifuri, hutokea mawingu ya asidi na barafu. Juu ya chembe za mawingu hayo, klorini iliyotoka katika gesi za mashine za baridi na makopo ya kupulizia hufunguliwa; na jua lirudipo, klorini hiyo huila ozoni.

Mwaka 1985 Mabwana Farman, Gardiner na Shanklin walitangaza yaliyokuwa katika madaftari ya Halley: ozoni ya mwezi wa Oktoba, iliyokuwa yapata vipimo 300 hapo mwanzo, ilikuwa imeshuka kukaribia 200. Wazee walisema kweli, mali bila daftari hupotea bila habari. Kama makarani wale wa barafuni wangaliacha kuandika hata miaka michache, nani angalijua kuwa ngao inatoboka?

Mwaka 1987 mataifa yalipatana mjini Montreal kuzipunguza gesi hizo, na ofisi ya mkataba huo iko hapa Nairobi. Wataalamu watarajia kwamba ozoni ya Antarctica itarudia hali yake ya mwaka 1980 karibu na mwaka 2066. Mpaka siku hiyo, maputo hayana budi kuendelea kurushwa gizani.