Boda ya Robanda inataka pumzi, bloku kubwa baadaye

ROBANDA, Serengeti. Mkoa wa Mara hauhitaji kufundishwa kwamba mechi inaweza kupotea kabla mpira haujawekwa kati. Oktoba 2021 Biashara United ya Musoma iliichapa Al Ahli Tripoli ya Libya mabao 2-0 jijini Dar es Salaam, Kombe la Shirikisho Afrika, ikabaki kwenda kulinda ushindi ugenini. Timu haikufika Libya. Safari ilikwama, na mabao mawili yale yakaishia hapohapo.

Huku chini kwenye soka la vijijini balaa ni lilelile, ila ndege yake ina magurudumu mawili. Timu ya kijiji haina basi, ina boda. Kipa anapakia na begi la jezi, winga anapakia na mpira mkononi, na kutoka Robanda, kijiji kinachopakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti upande wa Fort Ikoma, mpaka Mugumu makao makuu ya wilaya, ni vumbi, mawe na nyumbu wasiojua zamu ya kuvuka. Boda ikizima katikati, beki anafika kipindi cha pili.

Ndiyo maana ubishi wa Simba na Yanga ukipoa kijiweni, unaofuata ni wa injini. Chombo cha nani kinapanda kilima na abiria bila kulia? Na mwenye vijisenti vichache tu aanze na nini ili chake nacho kivute?

Vijana wengi wanajibu bila kupumua: weka bloku ya 150.

Wana hoja. Pikipiki nyingi za Kichina, SanLG na ndugu zake, zina injini ya ukoo wa Honda CG125, mashine iliyotoka mwaka 1976 na mpaka leo haijastaafu. Angalia ubavuni, utakuta imegongwa 156FMI. Hiyo ni kama namba mgongoni mwa jezi: 1 ni silinda moja, 56 ni upana wa silinda kwa milimita, I mwishoni ni daraja la cc 125. Ukikuta 162FMJ, hiyo ni silinda ya milimita 62, daraja la 150. Pistoni zote mbili zinapanda na kushuka umbali uleule, milimita 49.5. Kwa hiyo kwenye karatasi ni kuvua bloku ndogo na kuvika kubwa, cc 124 zinakuwa 149. Kwenye karatasi.

Gereji hesabu inabadilika. Bloku mpya inadai pistoni yake na ringi zake. Mara nyingi mdomo wa injini unapokaa bloku nao inabidi uchongwe, na mashine ya kuchonga haipo kila kijiji. Ukishafunga, kabureta ya zamani inabaki na mahesabu ya zamani, klachi iliyozoea mzigo mdogo inaanza kuteleza, na cheni inalia. Ni sawa na klabu iliyomaliza bajeti yote kwa straika mmoja, halafu hakuna kiungo wa kumpa pasi. Mechi tatu za kwanza mashabiki wanaimba jina lake, ya nne wanamzomea.

HEWA YA MARA SIYO YA DAR

Kuna jambo moja ambalo kijiweni halipewi uzito, nalo ni mwinuko. Ziwa Victoria lenyewe lipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na Robanda, Mugumu na Tarime zipo juu ya ziwa. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Pwani kwa zaidi ya asilimia 10.

Wapenzi wa soka wanaujua mchezo huu. Aprili 1, 2009 Argentina ya kocha Diego Maradona, Lionel Messi akiwa uwanjani, ilipanda La Paz, zaidi ya mita 3,600, ikapigwa 6-1 na Bolivia. Wachezaji walikuwa walewale wa kila siku. Kilichopungua ni hewa.

Injini nayo inapumua. Kabureta iliyopangwa kwa hewa nzito ya Dar ikifika Mara inaendelea kumimina petroli ileile wakati hewa imepungua. Petroli inazidi, moto unakuwa mzito, plagi inashika masizi, na dereva anasema chombo kimechoka. Hapo anapewa ushauri wa kuongeza tundu la kabureta, yaani mgonjwa aliyeshiba anaongezewa ugali.

Sasa sikia kinachowachanganya wengi. Kijana anatoa kichujio cha hewa, anawasha, na kweli pikipiki inachangamka. Anatangaza mtaa mzima kwamba kichujio ndicho kilikuwa kinabana. Ukweli ni kwamba petroli ilikuwa imezidi, na kwa kutoa kichujio ameruhusu hewa iingie zaidi, mchanganyiko ukakaribia kukaa sawa. Dawa ameipata kwa mlango wa dirisha. Gharama yake inakuja baadaye, kwa sababu pamoja na hewa ameingiza vumbi la Serengeti, na vumbi hilo kwenye silinda ni msasa. Ringi zinaisha, injini inaanza kula oili, moshi wa bluu unatoka nyuma.

Kazi hiyohiyo ilikuwa inafanyika kwa bisibisi tu. Ndani ya kabureta nyingi za aina hii kuna sindano yenye mifereji mitano juu, na klipu ndogo imekaa kwenye mmojawapo. Ukipandisha klipu mfereji mmoja, sindano inashuka, petroli inapungua pale mkono ukiwa nusu. Mkono ukiwa umevutwa mpaka mwisho anayeamua ni jeti kubwa, ile yenye namba iliyogongwa. Namba ikishuka, tundu linakuwa dogo. Jeti ni kitu kidogo kuliko kifungo cha shati, na bei yake haisogelei hata kidogo bei ya bloku.

Utajuaje umepatia? Plagi ndiyo VAR. Panda kilima mkono ukiwa mwisho, bana klachi, zima hapohapo bila kuiacha ingurume, ipoe kidogo, fungua. Ikiwa nyeusi ya masizi makavu, petroli bado imezidi. Ikiwa ya kahawia kama chai ya maziwa, acha, usiguse tena. Ikiwa nyeupe, rudisha haraka, maana petroli ni kidogo na moto ni mkali, na pistoni inaweza kuyeyuka ukiwa unasifiwa kwa mbio. Wanaotoboa eksozi ili chombo kilie kama cha mashindano wanaisogelea hali hiyo hiyo. Wanapata kelele, nguvu hawaioni.

Valvu nazo zimesahaulika. CG125 inataka nafasi ya milimita 0.08 injini ikiwa ya baridi. Wapo wanaopima kwa karatasi ya daftari, lakini karatasi nyingi zinakaribia 0.1, hiyo imeshapita. Valvu iliyolegea inagonga kama cherehani na haifunguki inavyotakiwa. Iliyobana haifungi sawasawa, inaungua. Fila geji ya fundi mmoja inatosha kijiwe kizima.

Halafu kuna sproketi, ushindi wa bei poa kuliko wote. Tuseme mbele kuna meno 14 na nyuma 42. Weka nyuma ya meno 45. Hujagusa injini, lakini mvuto kwenye tairi umeongezeka kwa asilimia 7 hivi, na spidi ya mwisho imepungua kiasi hichohicho. Kwa njia ya Robanda, ambako hakuna mwenye akili anayetafuta spidi ya mwisho, huo ni usajili huru wa dirisha dogo.

MZEE WA CHUMA CHAKAVU

Wanaosema bila pesa huwezi kukuza injini wanakosea pia. Burt Munro wa New Zealand alinunua Indian Scout mwaka 1920, pikipiki ya cc 600. Aliichokonoa miaka nenda rudi akiwa na zana za kuokoteza, akiyeyusha vyuma chakavu na kujimwagia pistoni mwenyewe. Mwaka 1967, akiwa na umri wa miaka 68, injini imefika cc 950 hivi, aliikimbiza kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, Marekani, zaidi ya kilomita 290 kwa saa, akaweka rekodi ya daraja la chini ya cc 1,000.

Lakini Munro alikuwa na rafu iliyojaa pistoni na vyuma alivyovunja njiani. Kijana wa boda ya mkataba hana rafu. Chombo bado ni cha tajiri, hesabu ya kila siku inasubiriwa jioni, na mkataba haujaisha. Injini ikifa mwezi wa nane, miezi saba aliyolipa inakwenda na maji, na pikipiki inarudi kwa mwenyewe. Huyo ndiye anayeambiwa achukue akiba yake yote akanunue bloku.

Hata akifaulu, kuna wachezaji hawakusajiliwa. Injini imepanda ligi kuu, breki zimebaki daraja la pili, zilezile za ngoma zilizopangiwa 125. Tairi ni lilelile. Kadi inasema cc 124 wakati bloku inasema 149, na siku ya ajali mtu wa bima anasoma vyote viwili. Ongeza mishikaki, wachezaji wawili nyuma na begi la jezi katikati, mteremko, na nyumbu aliyeamua kuvuka sasa hivi.

Kwa hiyo mwenye shilingi chache aanze na breki, akibakiwa aoshe kichujio, apime valvu, aguse klipu, asome plagi. Sproketi ifuate wiki ya malipo mazuri. Bloku isubiri mkataba uishe na kadi iwe na jina lake. Na petroli ya kwenye chupa za maji zilizoshinda juani asiitie siku ya mechi, hata kama kituo kipo mbali.