MBU ANAKULA NINI, NA CHAKULA HICHO KINAMFANYA NINI?



Mbu ametajwa katika Suratul Baqara, aya ya 26. Wengi wetu tumeihifadhi aya hiyo tangu utotoni, lakini ni wachache tuliojiuliza ni nini kinachoendelea ndani ya mwili wa kiumbe huyo mdogo. Katika makala haya tutaeleza jinsi chakula cha mbu, pamoja na vimelea vinavyomwingia, vinavyobadilisha kemia ya mwili wake. Jambo hili linatugusa sisi wa Kagera. Majirani zetu wa Muleba walipatwa na mlipuko wa malaria mwaka 2006, na ni huko huko Muleba ambako baadaye ulipatikana ushahidi mkubwa kuhusu vyandarua.

1. VYAKULA VIWILI VYA MBU

Chakula cha kwanza ni sukari, ambayo mbu huipata katika maji matamu ya maua. Dume na jike wote huinywa. Sehemu ya sukari hiyo huwapa nguvu ya kuruka, na inayobaki huwekwa akiba mwilini kama mafuta na wanga.

Chakula cha pili ni damu, na hiki ni cha jike peke yake, kwa sababu anahitaji protini ya kutengenezea mayai. Akishashiba damu, tumbo lake hutoa vimeng'enya vya kuivunjavunja protini hiyo. Vipande vyake hupelekwa kwenye tishu ya mafuta, ambayo kwa mbu hufanya kazi zinazofanana na za ini letu, na hapo hutengenezwa lishe ya mayai. Baada ya siku mbili au tatu jike huwa tayari kutaga.

Lakini damu ina hatari yake pia. Ile rangi nyekundu yenye chuma, ikishaachiwa tumboni, ni sumu kwa mbu. Kwa hiyo mwili wake una njia za kujikinga, vikiwemo vimeng'enya vya kuondoa sumu. Tulishike vizuri jambo hili, maana tutalirudia mbele.

2. MAUA HAYAFANANI

Mwaka 2015 watafiti wa taasisi ya wadudu ya icipe, Nairobi, walitoa matokeo ya kuwalisha mbu wa malaria mimea mitatu: gugu karoti, mbarika na kishona nguo. Waliokula gugu karoti na mbarika walijiwekea akiba nzuri ya nguvu kuliko waliokula kishona nguo.

Akiba hiyo ina maana gani kwetu? Vimelea vya malaria vikiingia kwa mbu haviwezi kuambukiza siku hiyo hiyo. Huchukua takriban siku kumi au zaidi kukomaa, na mbu wengi hufa kabla ya hapo. Basi mbu anayepata chakula cha kumrefushia maisha ndiye mwenye nafasi kubwa ya kufikia siku ya kuambukiza.

3. VIMELEA NAVYO HUMBADILISHA

Jike anyonyapo damu ya mgonjwa, vimelea hupenya ukuta wa tumbo lake, hujijenga hapo kama vijipu vidogo sana, na hutumia mafuta ya mwili wake kujikuza. Mwishowe huhamia kwenye tezi za mate, vikingoja aume.

Mate ya mbu yana kimeng'enya kinachozuia damu yetu isigande wakati anaponyonya. Mwaka 1984 watafiti walieleza kuwa kwa mbu wenye malaria ya kuku, nguvu ya kimeng'enya hicho ilipungua sana. Mbu wa namna hiyo hupata tabu kuipata damu, hivyo hudunga na kudunga tena.

Kwa malaria ya binadamu, utafiti uliofanywa hapa Tanzania na kutolewa mwaka 1998 ulionyesha kuwa asilimia 22 ya mbu wenye vimelea vya kuambukiza walikuwa na damu ya watu wawili au zaidi. Kwa mbu wasio na vimelea ilikuwa asilimia 10 tu. Aidha, mwaka 2014 watafiti wa icipe walieleza kuwa mbu wenye vimelea huvutwa zaidi na mimea na hunywa sukari nyingi zaidi.

4. FUNZO LA MULEBA

Kuanzia mwaka 2007 nyumba za Muleba zilipuliziwa dawa, na vyandarua vyenye dawa viligawiwa. Lakini vipimo vya mwaka 2011 vilionyesha kuwa mbu wengi hawafi kwa dawa zile. Sababu mojawapo ni vimeng'enya vya kuondoa sumu, ambavyo huivunja dawa kabla haijaua. Na hapa ndipo chakula kinaporudi: mwaka 2014 watafiti wa Afrika Kusini walionyesha kuwa mbu waliokula damu mara nyingi walistahimili dawa zaidi.

Ndipo kikaletwa chandarua chenye kitu cha ziada kiitwacho PBO, ambacho huvizuia vimeng'enya hivyo visifanye kazi. Kililinganishwa na chandarua cha kawaida katika vijiji vya Muleba, na matokeo yakatolewa mwaka 2018. Baada ya miezi 21, watoto waliokutwa na vimelea walikuwa asilimia 45 kwa chandarua cha PBO, na asilimia 62 kwa kile cha kawaida. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limekwisha kupendekeza vyandarua hivyo mwaka 2017, kwa kuutegemea ushahidi huo.

Lakini tuitazame ile 45. Karibu nusu ya watoto bado walikuwa na vimelea. Chandarua kizuri hakitoshi kama hakitumiki, au kama kimetoboka.

5. TUFANYE NINI?

(a) Tulale ndani ya chandarua kila usiku, hata kiangazi. Tushone matundu mapema, na tusikipeleke ziwani kuvulia dagaa.

(b) Tukiumwa tupime, na tumalize dawa yote tuliyoandikiwa. Mbu hazaliwi na malaria, huichukua kwetu. Utafiti wa Kenya wa mwaka 2005 ulionyesha kuwa watoto wenye vimelea vilivyo tayari kuhamia kwa mbu waliwavuta mbu takriban mara mbili ya wenzao.

(c) Tung'oe gugu karoti kabla halijatoa maua, tukivaa glovu kwa kuwa huwasha ngozi. Hata hivyo, kufyeka magugu hakuchukui nafasi ya chandarua.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini mbu dume hatuumi?
2. Kwa nini mbu aliyenyonya damu ya mgonjwa leo hawezi kuambukiza kesho?
3. PBO inamfanya nini mbu?

Wabillahi tawfiq.