Jeraha Lisiloonekana kwa Macho

Akina mama, mume akirudi kazini na mguu uliovunjika tunajua la kufanya. Je, akirudi na dhamiri iliyojeruhiwa?

Daktari wa magonjwa ya akili Jonathan Shay aliwatibu huko Boston, Marekani, askari waliopigana Vietnam. Katika kitabu chake cha mwaka 1994 alionyesha kwamba wengi hawakusumbuliwa na hofu ya kufa tu. Waliteswa na yale waliyoyatenda, na pia na kusalitiwa na wakubwa waliowaamini. Hata kushuhudia uovu bila kuweza kuuzuia huacha jeraha la namna hii.

Tumtazame Jenerali Roméo Dallaire wa Kanada, aliyeongoza askari wa Umoja wa Mataifa nchini Rwanda. Januari 1994 alipeleka habari New York kwamba kuna silaha zilizofichwa Kigali, akataka kuzitwaa. Akakatazwa. Mauaji yalipoanza Aprili, Baraza la Usalama lilipunguza askari wake badala ya kumwongezea, akabaki na mia chache tu huku watu wakiuawa kwa malaki. Alirudi kwao mzima wa mwili. Lakini usingizi ulimkimbia, akajaribu kujiua, na mwaka 2000 akaachishwa jeshi kwa sababu ya ugonjwa huo.

Wauguzi nao, ingawa hawashiki bunduki, hawajaepuka. Machi 2020, korona ilipozielemea hospitali za kaskazini mwa Italia, madaktari walilazimika kufikiria nani apewe kitanda cha wagonjwa mahututi na nani akose. Muuguzi anayejua dawa inayotakiwa, lakini hana, hurudi nyumbani na mzigo kama huo. Huenda ni wewe mwenyewe, mama unayesoma.

Nyumbani utaona nini? Kimya kirefu, hasira za ghafla, pombe. Baba anakataa kumpakata mtoto wake, au anaacha kwenda kanisani kwa kuwa anajiona hastahili. Usidhani amekuchoka.

Wengi wetu hukimbilia kusema, “Hukuwa na hatia, sahau tu.” Nia ni njema, lakini maneno hayo humfunga mdomo. Yeye anajua alichokiona. Msikilize mpaka mwisho bila kushtuka wala kumhukumu, na usimlazimishe kusema yote kwa siku moja. Katika Hesabu 31 askari waliotoka vitani walikaa nje ya kambi siku saba ili kutakaswa kabla ya kurudi kwao. Siku hizi mtu hushuka kwenye basi, akakuta chakula mezani na watoto wakidai karo!

Mchungaji anaweza kusaidia, na askari mwenzake pia. Lakini akianza kusema heri afe, usingoje Jumapili. Ondoa nyumbani dawa, sumu na silaha, usimwache peke yake, umpeleke hospitali siku hiyo hiyo.