Flashi moja, kazi nyingi: namna ya kuitumia mu koperative

Mu koperative nyingi za upande wa Lubumbashi, Kipushi, Kambove na Kasenga, flashi iko (wengine wanaiita kle), lakini kazi yake ni moja tu: kupeleka karatasi ku nyumba ya fotokopi na kuirudisha. Siku zingine zote inalala mu saraka, ao inazunguka mu mufuko wa sekretere pamoja na funguo.

Flashi za kwanza ziliuzwa mwaka 2000, na zilibeba megabaiti 8 tu. Ile ya gigabaiti 16 tunayonunua leo ku barabara inabeba mara 2000 ya ile. Basi tuipe kazi inayolingana na nguvu yake. Hapa tunaonyesha kazi tano ambazo koperative inaweza kuanza nazo bila intaneti ya kila siku.

1. Kulinda daftari

Kongo iko ndani ya OHADA tangu mwaka 2012, na sheria ya OHADA juu ya koperative, iliyopitishwa ku Lomé mwezi wa 12 mwaka 2010, inaomba kila koperative itunze daftari la wanachama. Lakini siye tunajua karatasi: mvua inaingia, mchwa wanakula, nyumba inaungua.

Fikiria siku ya kuuza. Mahindi ya watu 40 yamekusanywa mu depo moja. Nani alileta mifuko 6, nani 11? Daftari njo linajua. Likipotea, mwenye sauti kubwa njo atalipwa vizuri, na mama mujane atarudi mikono mitupu. Kiisha hapo, mwaka unaofuata hakuna mutu ataleta mahindi yake.

Dawa yake ni rahisi. Kisha kila mukutano na kila siku ya kupokea mavuno, piga picha kila ukurasa na simu, uziweke mu flashi, na uandike tarehe ku jina la folda. Tumieni flashi mbili, zikae mu nyumba mbili tofauti. Kama mu daftari muna namba za simu na pesa za watu, programu 7-Zip, ambayo ni ya bure, inaweza kufunga folda na neno la siri. Neno hilo lijulikane na watu wawili, si mumoja.

2. Kufundisha kwa sauti

Redio ndogo na bafle za soko karibu zote ziko na tundu la flashi, na zinatembea na pano ya jua ao betri. Monitere wa kilimo hawezi kufika mu kila kijiji kila juma, lakini sauti yake inaweza. Mafundisho ya dakika 10 yanachukua karibu megabaiti 5 tu, kwa hiyo flashi ya gigabaiti 16 inaweza kubeba karibu 3000.

Rekodi mu simu, mu Kiswahili chetu ao mu Kibemba, jambo moja kwa kila rekodi: kupanda mahindi mu mistari ya sentimeta 75, ao kutafuta viwavijeshi ndani ya moyo wa mahindi asubuhi mapema na kuponda mayai yao. Mutu asiyejua kusoma anasikia sawa na mwalimu, na anaweza kurudilia mara tatu bila haya.

3. Kufungua ku simu

Hakuna kompyuta? Kuna kamba fupi inayoitwa OTG, ambayo inaunganisha flashi na simu nyingi za Android. Unasoma karatasi, unaona video, unahamisha picha za shamba ili simu ipate nafasi. Muulize muuzaji aijaribu ku simu yako mbele ya kulipa.

4. Maktaba mu mufuko

Siku moja ukiwa mu muji na intaneti nzuri, jaza flashi. Access Agriculture na SAWBO wanatoa bure video za kilimo, na zingine ziko mu Kiswahili na mu Kifaransa. Programu Kiwix inaruhusu kusoma Wikipedia bila intaneti, na ile ya Kiswahili inaingia yote mu flashi na nafasi inabakia. Video ikikatala kuingia, angalia ukubwa wake: flashi nyingi zimepangwa mu FAT32, na hiyo haipokei faili moja inayopita gigabaiti 4.

5. Kuamsha kompyuta iliyokufa

Mara mingi kompyuta inakatala kuwaka juu Windows imeharibika, lakini faili bado ziko ndani. Fundi anaweza kutayarisha flashi ya gigabaiti 8 yenye Linux Mint, akawasha kompyuta kupitia flashi hiyo, na akatoa hesabu zenu mbele ya kugusa kitu kingine. Muombe afanye hivyo mbele ya kusafisha kompyuta yote.

Ugonjwa wa flashi

Flashi inayopita mu kompyuta za watu wengi inabeba virusi, sawa kisu kinachokata muhogo wenye ugonjwa na kiisha kinakata ule muzima. Alama inayojulikana: folda zako zimegeuka kuwa vifupisho, zikiwa na mushale mudogo. Usizibonyeze, na usikubali mutu akuambie kwamba yote imepotea. Kwa kawaida faili ziko, zimefichwa tu. Pitisha kwanza antivirusi. Kiisha, ku kompyuta ya Windows, fungua dirisha la amri, andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* na ubadilishe E kwa herufi ya flashi yako. Folda za kweli zitaonekana. Zikopi, kiisha futa vile vifupisho.

Kwa kujikinga, flashi ya daftari isiende kamwe ku nyumba ya fotokopi. Nunueni nyingine ya safari, yenye kubeba paka ile karatasi ya kuchapisha.

Mbele ya kununua, na kisha

Flashi inayoandikwa gigabaiti 512 na inauzwa bei ya ile ya 16, mara mingi ni ya uongo: inapokea faili, lakini ukifungua hakuna kitu. Ijaze kwanza, kiisha fungua faili za mwisho. Mu kazi, usiichomoe wakati inaandika, juu umeme ukikatika ao ukiivuta, faili inaweza kuharibika. Na usiiache miaka mu saraka: kumbukumbu yake inachoka. Kila mwaka, mbele ya mvua ya mwezi wa 11, fungueni zote mbili, hakikisheni picha zinaonekana, na kopini upya.

Mu mukutano wenu unaokuja, wekeni jambo hili ku orodha: nani anatunza flashi ya kwanza, nani ya pili, na nani anapiga picha za daftari. Majina hayo matatu yaandikwe mu daftari lenyewe.