Je, Wajua? Pawa Sapulai ya Kompyuta ya Banda la Video

Ukiingia banda la video Mbinga mjini au Mbamba Bay, si ajabu kukuta filamu inatoka kwenye kompyuta nyembamba ya mezani iliyoshatumika kwingine miaka mingi. Kompyuta hizo ni ngumu kufa. Kinachotangulia kufa ni pawa sapulai, lile boksi la bati lenye feni ambalo watu hulikumbuka siku linapotoa moshi.

Boksi hilo hupokea volti 230 za ukutani na kutoa volti 12, 5 na 3.3 za mkondo mnyoofu. Ndani yake umeme hunyooshwa kwanza, ukafikia volti 325 hivi, ukatunzwa kwenye kapasita kubwa. Kisha transista huukatakata makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde. Kasi hiyo ndiyo inayowezesha transfoma kuwa ndogo ya kuenea kiganjani. Kwa mizunguko 50 kwa sekunde ya umeme wa TANESCO ingehitajika pande zito la chuma. Apple II ya mwaka 1977, ambayo Rod Holt aliibunia pawa sapulai yake, ni miongoni mwa kompyuta za mwanzo za nyumbani kutumia njia hii.

Adui mkubwa wa kapasita ni joto. Mafundi wa elektroniki wana kanuni: joto likipanda nyuzi 10, umri wa kapasita hupungua kwa nusu. Mbinga iko kwenye milima ya Umatengo, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na jioni watu huvaa sweta. Ukishuka hadi Mbamba Bay, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, uko kwenye mita 470 hivi, na hewa ni nyingine kabisa. Ongeza paa la bati, watazamaji waliojaa na feni iliyozibwa na vumbi: pawa sapulai ileile inazeeka upesi zaidi kule chini. Kapasita iliyochoka huvimba kichwa au huvuja ute wa kahawia.

Ugumu unaanza wakati wa kutafuta mbadala. Mwaka 1995 Intel ilitoa kipimo cha ATX, na tangu hapo rangi za waya zinafahamika: njano ni volti 12, nyekundu 5, chungwa 3.3, nyeusi ni ya kurudishia umeme. Waya ninaoupenda kuliko zote ni wa kijivu. Huo huiambia madabodi kwamba volti zimetulia, na kompyuta haianzi mpaka isikie hivyo.

Lakini plagi kuingia si ushahidi kwamba waya zinalingana. Baadhi ya kompyuta za Dell za mwishoni mwa miaka ya 1990 zilikuwa na plagi ya umbo lilelile la ATX huku waya zimepangwa tofauti. Ukichomeka pawa sapulai ya kawaida, unaunguza madabodi. OptiPlex 9020 ya mwaka 2013 ina plagi ya pini 8 badala ya 24, hivyo inahitaji kebo ya kuunganishia iliyotengenezwa kwa ajili yake. Tena usidanganywe na wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa. Kompyuta za zamani sana hula zaidi kwenye volti 5, za baadaye kwenye volti 12, kwa hiyo soma ampea za kila mstari kwenye lebo.

Fundi makini hujaribu kabla ya kufunga. Huunganisha waya wa kijani, ule wa kuwashia, na mweusi kwa kipande kifupi cha waya, feni inazunguka, kisha anaweka mita: njano iwe kati ya 11.4 na 12.6, nyekundu kati ya 4.75 na 5.25. Akiona nyuma kuna swichi ya 115 na 230, anahakikisha iko 230 kabla ya kuchomeka. Na hafungui boksi kiholela, maana kapasita ile kubwa hubaki na umeme hata plagi ikichomolewa.

Mara nyingi mbadala ni mnene kuliko nafasi iliyopo, kwa hiyo hukaa nje ya kompyuta na nyaya kupitishwa nyuma. Hapo boksi lifungwe waya wa ethi hadi kwenye bati la kompyuta, nyaya zisisuguliwe na makali ya bati, na feni iachiwe nafasi ya kupumua mbali na ukuta.