Polisi na Mwandishi wa Habari: Mfano wa Belarus

Chini ya utawala wa kiimla, polisi humwandama mwandishi wa habari wakiwa na vifungu vya sheria mkononi. Kuna kifungu cha kuvuruga utulivu, cha kukwepa kodi, cha kufichua siri na cha uhaini. Kazi iliyobaki ni kuchagua kinachofaa. Belarus, ambayo Alexander Lukashenko ameitawala tangu mwaka 1994, inauonyesha utaratibu huo waziwazi, hasa tangu uchaguzi wa rais wa tarehe 9 Agosti 2020 na maandamano makubwa yaliyoufuata. Anayetiwa pingu ni mwandishi, ila kishindo kinakusudiwa kuwafikia watu wengi zaidi: daktari aliyempa taarifa, mwenye nyumba aliyemfungulia mlango, mke wake, hata msomaji mwenye simu mfukoni.

Jambo huanzia kwenye ithibati. Asiyekuwa nayo, akipiga picha barabarani huhesabiwa mwandamanaji, na kamera haimkingi. Kwa miaka mingi waandishi wa Belsat, televisheni inayorusha matangazo kutoka Poland, walinyimwa ithibati, kisha wakatozwa faini mara kwa mara kwa kufanya kazi bila ithibati hiyohiyo. Tarehe 2 Oktoba 2020 Wizara ya Mambo ya Nje ilifuta kwa mpigo ithibati zote za vyombo vya nje. TUT.BY, tovuti ya habari iliyosomwa kuliko zote nchini, ilikuwa imesimamishiwa hadhi ya chombo cha habari siku moja kabla. Mwezi Desemba mahakama ikaifutia kabisa.

Baada ya hapo huja vifungo vifupi. Kwa kosa dogo la kiutawala mtu huweza kuwekwa ndani hadi siku 15. Kesi huchukua dakika chache, na shahidi mara nyingi ni askari aliyefunika uso na kutumia jina la bandia. Atokapo hudaiwa gharama za chakula alichopewa mahabusu, na hakuna kinachozuia akamatwe tena. Kwa mwaka 2020 pekee, chama cha waandishi wa habari cha nchi hiyo, BAJ, kiliorodhesha matukio zaidi ya 400 ya waandishi kukamatwa.

Kesi ya Katsiaryna Barysevich wa TUT.BY inastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa ndani yake utaratibu wote unaonekana. Jioni ya tarehe 11 Novemba 2020 watu waliofunika nyuso waliingia katika uwanja wa majengo ya makazi jijini Minsk, wakaanza kuondoa riboni nyeupe na nyekundu za wapinzani. Raman Bandarenka, mkazi wa hapo mwenye umri wa miaka 31, alitoka kwenda kuona kinachoendelea. Alipigwa, akachukuliwa, na kesho yake akafariki hospitalini. Upande wa serikali ulisema alikuwa amelewa. Barysevich akaandika, kwa taarifa ya daktari wa hospitali hiyo, kwamba damu ya marehemu haikuwa na kilevi hata kidogo. Tarehe 19 Novemba alikamatwa, na daktari naye akakamatwa. Shtaka lilikuwa kufichua siri ya mgonjwa. Kesi iliendeshwa faragha, na tarehe 2 Machi 2021 mwandishi akahukumiwa kifungo cha miezi 6, daktari akapewa kifungo cha nje cha miaka 2. Hapakuwa na haja ya kuthibitisha kwamba habari ilikuwa ya uongo. Kosa lenyewe lilikuwa kusema ukweli uliomo katika faili la hospitali. Kila daktari nchini alipata onyo lake bila kuitwa kituoni.

Kifo hichohicho kiliwaponza wengine. Tarehe 15 Novemba 2020 Katsiaryna Andreeva na Daria Chultsova wa Belsat walirusha moja kwa moja, kutoka ghorofani katika nyumba ya mkazi, picha za polisi wakiwatawanya waombolezaji wa Bandarenka. Polisi walivunja mlango. Mahakama iliwafunga miaka 2 kila mmoja, kwa hoja kwamba matangazo yao yalichochea mkusanyiko na kukwamisha usafiri wa umma. Mwaka 2022 Andreeva, akiwa bado kifungoni, aliongezewa hukumu ya miaka 8 na miezi 3 kwa uhaini. Hukumu fupi ya kwanza haikumpa hakika yoyote ya siku ya kutoka.

Tarehe 18 Mei 2021 ikafika zamu ya TUT.BY yenyewe. Maofisa wa uchunguzi wa fedha walipekua ofisi na nyumba za wafanyakazi, tovuti ikafungwa, na shtaka la kwanza likawa la kodi. Barysevich alimaliza kifungo chake kesho yake. Alitoka gerezani, ofisi aliyoitumikia haipo tena. Mhariri mkuu, Maryna Zolatava, alihukumiwa miaka 12 mwezi Machi 2023. Shtaka la kodi lina faida kubwa kwa mtawala: kwa mtu wa mbali linafanana na uhalifu wa kawaida, na linawapa wapelelezi sababu ya kubeba kompyuta, simu na daftari za majina.

Mwezi Agosti 2021 maudhui ya TUT.BY yalitangazwa kuwa ya kiitikadi kali. Hapo mkono wa polisi ukamfikia msomaji. Kusambaza makala ya zamani ya tovuti hiyo kukawa kosa, na askari hukagua simu kuona mtu amejiunga na chaneli zipi za Telegram. Anayezungumza na chombo kilichoorodheshwa huweza kushtakiwa kwa kusaidia shughuli za kiitikadi kali. Mke wa Ihar Losik, mwanablogu aliyefungwa miaka 15 mwezi Desemba 2021, alieleza masaibu ya mumewe katika mahojiano na Belsat. Januari 2023 naye akafungwa miaka 2. Binti yao mdogo alibaki kwa babu na bibi. Kumwadhibu mtu kwa kumsemea mumewe ni ukatili usiohitaji kutafutiwa jina la kitaalamu.

Sehemu nyingine ya shinikizo ni kukiri hadharani. Kikosi cha polisi kiitwacho GUBOPiK hurekodi waliokamatwa wakiomba radhi mbele ya kamera, kisha video husambazwa Telegram. Mwandishi Raman Pratasevich, aliyekamatwa Mei 2021 baada ya ndege aliyopanda kulazimishwa kutua Minsk, alionekana katika televisheni ya taifa akilia, vifundo vya mikono yake vikiwa na alama.

Mamia ya waandishi wamehama. BAJ, iliyofutwa na Mahakama ya Juu mwezi Agosti 2021, inafanya kazi ikiwa nje ya nchi, na wafanyakazi wa zamani wa TUT.BY walianzisha tovuti ya Zerkalo. Hata huko polisi huwafuata: ndugu waliobaki nyumbani hupekuliwa na kuhojiwa, na tangu mwaka 2022 sheria inaruhusu mtu kushtakiwa na kuhukumiwa bila kuwapo. Amri ya rais ya Septemba 2023 ilizizuia balozi kutoa pasipoti mpya, hivyo pasipoti ikiisha muda, mwenyewe hutakiwa kurudi Belarus kuomba nyingine.