Kondakta Asiye wa Daladala

Ukiwaambia watu hapa chuoni kwamba unasoma habari za kondakta mmoja maarufu, watakuuliza gari lake linakwenda wapi. Yalinikuta hosteli. Ikabidi nieleze kwamba huyu si wa daladala, ni yule anayesimama mbele ya okestra na kijiti mkononi, mgongo kaupa watazamaji, na kati ya wote walio kazini usiku ule ni yeye peke yake asiyetoa sauti. Mwenzangu akauliza: sasa huyo analipwa kwa lipi?

Swali lilinigusa kuliko alivyodhani. Huu ni mwaka wangu wa tatu napiga kinanda kwenye mazoezi ya kwaya yetu. Mwaka jana mwalimu wa kwaya aliugua siku ya tamasha, nikaambiwa nisimame mimi. Wimbo niliujua wote, sauti zote nne. Nikainua mkono, soprano wakaingia, besi wakabaki wananitazama. Tulianza upya mbele za watu, jamani, na aibu ile bado ninayo.

Kosa langu nimekuja kulielewa baadaye. Nilidhani mkono unasema "sasa". Kumbe ukisubiri "sasa" umeshachelewa. Mwongozaji hutoa ishara kabla ya sauti: mkono unapopanda, mwimbaji anavuta pumzi, na katika kupanda kule anasoma kasi ya wimbo, na kama unaanza kwa nguvu au taratibu. Mkono wangu ulipanda bila kusema lolote.

Kwa kawaida mkono wa kulia hushika mapigo, wa kushoto husema mengine: ninyi punguzeni, ninyi jiandaeni zamu yenu inakuja. Mbele yake ipo partitura, kitabu chenye noti za ala zote zilizopangwa mstari juu ya mstari, maana mpigaji ana karatasi ya sehemu yake tu. Kwenye opera si mchezo kabisa. Okestra imekaa kwenye shimo mbele ya jukwaa, waimbaji wako juu wanaigiza bila karatasi, na mara nyingine wamegeukia kwingine. Mwimbaji akiruka mstari, mwongozaji ana nusu sekunde ya kuwavusha watu sitini au zaidi wamfuate. Na opera inaweza kwenda saa tatu, hata nne.

Sasa ufundi huo mtu anaupata wapi? Fidla unaweza kuazima ukajifunzia chumbani. Okestra huazimi. Ulaya, njia ya zamani ilikuwa kuingia jumba la opera kama mpiga piano wa mazoezi. Unakaa na mwimbaji mmoja mmoja, unapiga kwa vidole kumi kile kitakachopigwa na okestra nzima, unamrudisha anapokosea mpaka ashike. Siku ya onyesho hakuna anayekuona.

Georg Solti alipita huko. Alizaliwa Budapest, Hungaria, mwaka 1912, akasoma chuo cha muziki cha Liszt, na miaka ya 1930 akawa mpiga piano wa mazoezi katika opera ya mji huo. Alitaka kuongoza, lakini alikuwa Myahudi na mlango ule kwake ulikuwa umefungwa. Mwaka 1937 alisaidia mazoezi kwenye tamasha la Salzburg chini ya Arturo Toscanini, mzee wa Kiitaliano aliyeogopwa na wapiga ala. Mzee akamwambia neno moja, bene, yaani vizuri. Solti aliendelea kulisimulia hata uzeeni.

Tarehe 11 Machi 1938 Budapest ikampa usiku mmoja: Ndoa ya Figaro, opera ya Mozart. Usiku uleule nchi jirani ya Austria ilikuwa inaanguka mikononi mwa Hitler, na kesho yake majeshi yake yakavuka mpaka. Mwaka uliofuata Solti alikwenda Uswisi, vita ikaanza, akakwama huko. Baba yake aliyemwacha Budapest hakumwona tena.

Hapa huwa nasimama nikihesabu. Ana miaka 25, amepata nafasi moja, halafu basi. Uswisi kazi ya kuongoza ilikuwa haba, akarudi kwenye piano, na mwaka 1942 akashinda shindano la piano la Geneva. Mwaka 1946 Ujerumani ilikuwa magofu, na Wamarekani waliotawala Bavaria walihitaji wanamuziki wasio na doa la Unazi. Solti, akiwa na miaka 33 na opera chache mno alizowahi kuongoza, akakabidhiwa opera ya Munich. Nyingi alizoongoza pale ilikuwa mara yake ya kwanza kuziongoza. Kwa maoni yangu kilichombeba ni ile miaka ya piano: alishazijua nyimbo kutoka ndani, kwenye makosa ya waimbaji.

Baada ya hapo Frankfurt, 1952. Covent Garden ya London, 1961. Chicago kuanzia 1969 hadi 1991. Akapata Grammy 31, idadi ambayo hakuna aliyeipita mpaka Beyoncé mwaka 2023, na hapo ndipo mwenzangu wa hosteli alipoweka simu chini.

Malaika hakuwa. London wapiga ala walimwita fuvu linalopiga kelele, na miaka ya mwanzo watazamaji walimzomea. Kiukweli hilo halinifurahishi. Nimetoka TP juzi, nimeona darasa linaloendeshwa kwa kelele: linanyamaza, lakini halisikilizi. Solti mwenyewe inasemekana alipoa kadiri umri ulivyosogea.

Alifariki Septemba 1997 akiwa na miaka 84, siku chache kabla ya kuongoza Requiem ya Verdi huko London. Akazikwa Budapest.

Mwenzangu siku hizi ananiita kondakta. Jumamosi tuna mazoezi, na mimi niko kwenye kinanda.